Gharama ya Fursa Katika Kuteua Miradi ya Akili Unde: Funzo la Ripoti ya ALPAC kwa Wanaisimu wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya gharama ya fursa na namna inavyoweza kutumiwa kupima miradi ya akili unde inayohusu lugha. Yanashikilia kwamba gharama ya mradi haiishii katika bajeti yake. Imo pia katika lile jambo bora zaidi lililoachwa ili mradi huo ufanyike. Kwa kuithibitisha hoja hii, makala yanarejelea kisa cha tafsiri ya mashine nchini Marekani baina ya mwaka wa 1954 na 1966, kisha yanalihusisha funzo lake na juhudi za kukiundia Kiswahili hazina za matini na sauti. Mwishoni yanapendekezwa maswali manne ambayo idara au chama chochote cha Kiswahili kinaweza kujiuliza kabla ya kuukubali mradi.

1.0 Utangulizi

Katika fasihi simulizi mna kisa cha fisi aliyefika kwenye njia panda. Pua yake ilimwambia kwamba kuna nyama mwisho wa njia ya kushoto, na pua iyo hiyo ikamwambia kwamba kuna nyama mwisho wa njia ya kulia. Akaweka miguu ya upande mmoja njia hii na ya upande wa pili njia ile, akaenda hivyo hadi akapasuka msamba. Hapo ndipo ilipotoka methali: Njia mbili zilimshinda fisi. Walimu wengi hukitumia kisa hiki kuonya dhidi ya tamaa, na funzo hilo ni sahihi. Hata hivyo, kina funzo la pili ambalo aghalabu halitajwi. Nyama ilikuwako pande zote mbili. Kilichomwangamiza fisi ni kukataa kukiri kwamba kuifuata njia moja ni kuiacha nyingine.

Wasomi wa Kiswahili wamefika kwenye njia panda ya namna hiyo. Mnamo Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Wafadhili wa ndani na wa nje wanatafuta washirika, na lugha za Kiafrika zimeanza kuhesabiwa miongoni mwa mambo yanayostahili fedha. Huyu anapendekeza programu ya kujibu maswali ya wanafunzi. Yule anataka mashine ya kutafsiri. Mwingine anataka kurekodi sauti za wazee wa pwani kabla hawajaondoka duniani. Kila mmoja ana hoja na kila mmoja ana sababu.

Swali ambalo huulizwa katika vikao vya kuamua ni hili: je, mradi huu una manufaa? Swali hilo lina upungufu, kwa maana ni nadra kupata mradi usio na manufaa hata kidogo. Swali linalopaswa kuulizwa ni: una manufaa kuliko upi? Makala haya yananuia kuonyesha kwa nini swali hili la pili ndilo lenye uzito na jinsi ya kulijibu.

Kuhusu istilahi, ikumbukwe kwamba dhana inayorejelewa hapa ina majina kadhaa katika Afrika Mashariki. Wapo wasemao akili bandia, wapo wasemao akili mnemba, hasa nchini Tanzania, na wapo wasemao akili unde. Makala haya yametumia istilahi ya mwisho pasipo kudai kwamba nyingine ni makosa.

2.0 Dhana ya Gharama ya Fursa

Mnamo mwaka wa 1850, mwanauchumi Mfaransa Frédéric Bastiat aliandika insha kuhusu mambo yanayoonekana na yasiyoonekana katika uchumi. Alitoa mfano wa dirisha la duka lililovunjwa na mtoto. Mwenye duka analazimika kumlipa fundi wa vioo, na watazamaji wanasema kwamba angalau fundi amepata riziki. Riziki ya fundi inaonekana. Kisichoonekana ni viatu au kitabu ambacho mwenye duka angenunua kwa fedha zizo hizo lau dirisha halingevunjika. Mshonaji viatu aliyekosa mteja hajui kwamba amekosa, na hakuna anayemwonea huruma. Baadaye mwanauchumi wa Austria, Friedrich von Wieser, aliiendeleza fikra hii hadi ikawa mojawapo ya nguzo za nadharia ya gharama.

Kwa muhtasari, gharama ya fursa ni thamani ya chaguo bora zaidi lililoachwa. Fasili hii ina vipengele vitatu vinavyopaswa kutajwa kimoja baada ya kingine.

Kwanza, kinachohesabiwa ni chaguo moja tu lililo bora miongoni mwa yale yaliyoachwa, wala si jumla yake. Mkulima mwenye ekari moja anaweza kupanda mahindi, maharagwe au viazi. Akipanda mahindi, hakupoteza maharagwe na viazi kwa pamoja, kwa kuwa ekari ile ile isingalibeba vyote viwili kwa ukamilifu. Amepoteza kile ambacho kingempa faida zaidi kati ya hivyo viwili.

Pili, gharama hii hujumuisha vitu visivyolipiwa kwa fedha. Muda wa mhadhiri, macho ya mhariri na subira ya mzee anayehojiwa ni rasilmali ambazo haziandikwi katika bajeti, lakini zikitumika hapa hazitumiki kule.

Tatu, gharama ya fursa hutazama mbele. Fedha zilizokwisha kutumika haziingii katika hesabu ya leo, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Msimamizi anayesema kwamba mradi sharti uendelee kwa sababu umekwisha kula mamilioni ya shilingi anahesabu maji yaliyomwagika. Anachopaswa kuhesabu ni maji yaliyosalia mtungini na mahali pafaapo kuyamimina.

3.0 Kisa cha Tafsiri ya Mashine Nchini Marekani

3.1 Onyesho la mwaka wa 1954

Mnamo tarehe 7 Januari 1954, jijini New York, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM vilionyesha tarakilishi iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi hadi Kiingereza. Mfumo wenyewe ulikuwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni sita za sarufi. Sentensi zilikuwa zimeteuliwa kwa uangalifu ili zisivuke mipaka ya maneno na kanuni hizo. Waandishi wa habari hawakulitilia hilo uzito. Ilitangazwa kwamba huenda tatizo la tafsiri ya mashine lingetatuliwa katika muda wa miaka mitatu hadi mitano.

Wakati huo Marekani ilikuwa katika Vita Baridi na Muungano wa Kisovieti, na maandishi ya kisayansi ya Kirusi yalitafutwa kwa hamu. Kutokana na onyesho hilo na hofu ya kisiasa iliyokuwako, fedha za serikali zilimiminwa. Katika muda wa takribani mwongo mmoja, serikali ya Marekani ilikuwa imetumia kiasi cha dola milioni 20 katika utafiti wa tafsiri ya mashine.

3.2 Kizuizi cha utata wa maana

Miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuushughulikia utafiti huu ni mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo katika taasisi ya MIT mwaka wa 1951. Mwaka wa 1960 ndiye aliyetoa hoja kali kwamba tafsiri ya mashine iliyo kamilifu na isiyohitaji msaada wa binadamu haingewezekana. Alitoa mfano wa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kalamu na pia kizimba cha kuchezea mtoto mchanga. Msomaji anayejua kwamba kasha haliwezi kukaa ndani ya kalamu huchagua maana ya pili bila kufikiri. Mashine ya wakati huo haikuwa na ujuzi huo wa dunia.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kupata mfano unaolingana na huo. Katika sentensi "Mama aliketi juu ya mbuzi, akakuna nazi mbili", hakuna kiambishi chochote kinachoonyesha ngeli ya neno mbuzi. Lau ingekuwa "mbuzi hii" au "mbuzi huyu", upatanisho wa kisarufi ungetoa jibu. Pasipo upatanisho, anayejua jiko la Mswahili ndiye anayefahamu kwamba kilichokaliwa ni kifaa cha kukunia nazi wala si mnyama. Ujuzi wa aina hiyo hauwezi kutiwa katika kanuni sita.

3.3 Mizani ya ALPAC

Mnamo 1964 wafadhili walianza kuwa na shaka. Kwa ombi lao, Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani kiliunda kamati ya ushauri kuhusu uchakataji wa lugha kwa mashine, iliyokuja kujulikana kwa kifupisho chake, ALPAC. Mwenyekiti wake alikuwa John R. Pierce wa maabara ya Bell, na miongoni mwa wanakamati walikuwamo wanaisimu kama Charles Hockett na Eric Hamp. Ripoti yao ilitolewa Novemba 1966.

Kinachoipa ripoti hiyo umuhimu katika mjadala huu ni aina ya swali lililoulizwa. Kamati haikutosheka na kuuliza iwapo mashine inaweza kutafsiri. Iliuliza iwapo fedha zile zile zingeweza kulitimiza lengo lile lile kwa njia nyingine. Lengo lilikuwa kuwawezesha wanasayansi wa Marekani kuyafikia maandishi ya Kirusi. Njia mbadala zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwatumia watafsiri wa kibinadamu, ambao kamati iligundua kwamba hawakuwa wachache hata kidogo. Ya pili ilikuwa kuwafunza wanasayansi wenyewe kusoma Kirusi cha taaluma yao, jambo ambalo kamati iliona lingeweza kukamilishwa kwa saa 200 au pungufu.

Zikiwekwa kando ya njia hizo mbili, tafsiri za mashine zilionekana kuwa na dosari. Zilipoachwa bila kuhaririwa zilikuwa ngumu kusomeka; zilipohaririwa, gharama na muda vilizidi au vilikaribia vile vya mtafsiri wa kawaida. Hapa ndipo gharama ya fursa ilipodhihirika. Mradi haukulinganishwa na utupu. Ulilinganishwa na mshindani wake wa kweli, naye akaushinda.

3.4 Palipopunguka mizani

Ripoti hiyo ilisifiwa na wengi na kulaumiwa na wengi. Kwa upande wa sifa, ni dhahiri kwamba iliukataa mtego wa maji yaliyomwagika. Dola milioni 20 zilizokwisha kutumika hazikufanywa sababu ya kutumia nyingine. Aidha, kamati ilipendekeza mambo mawili: kwamba tafsiri ya kawaida iboreshwe kwa njia za haraka na nafuu, na kwamba utafiti wa isimu tarakilishi uendelee kufadhiliwa kama sayansi ya msingi, pasipo kuahidi matokeo ya upesi.

Kwa upande wa lawama, mizani ya kamati ilikuwa na upeo mfupi. Ilipima mahitaji ya idara za serikali ya Marekani, na hasa tafsiri kutoka Kirusi hadi Kiingereza. Mahitaji ya nchi zenye lugha rasmi mbili, kama Kanada, hayakuingia katika hesabu. Isitoshe, lililosikika zaidi nje ya kurasa za ripoti ni kwamba tafsiri ya mashine haina maana. Pendekezo la kuendeleza sayansi ya msingi halikupata sauti iliyolingana na hilo. Ufadhili ulipungua kwa miaka mingi, na vikundi vya watafiti vikatawanyika. Hata chama cha kitaaluma kilichoanzishwa mwaka wa 1962 kwa jina la tafsiri ya mashine na isimu tarakilishi kiliondoa maneno "tafsiri ya mashine" katika jina lake mwaka wa 1968.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal waliunda mfumo wa kutafsiri taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza hadi Kifaransa. Ulifaulu kwa sababu ulijifunga katika sajili moja yenye msamiati finyu na miundo inayojirudia. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa IBM walianza kuifunza tarakilishi kutafsiri kwa kutumia takwimu. Chakula cha mashine yao kilikuwa kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Kanada, zilizoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa.

Jambo hili la mwisho ndilo kiini cha makala haya. Kumbukumbu za Bunge la Kanada hazikuandikwa kwa ajili ya tarakilishi. Ziliandikwa kwa sababu sheria na heshima ya lugha mbili zilitaka hivyo, zikahifadhiwa kwa utaratibu mwaka baada ya mwaka. Mashine za mwaka wa 1954 zimekwenda na mifumo yake imesahauliwa, lakini matini yaliyotunzwa vizuri yalikuja kuhudumia kizazi ambacho walioyaandika hawakukijua.

4.0 Kiswahili Kwenye Njia Panda

Mtu anayeitazama hali ya Kiswahili leo atakuta kwamba uwezo wa mashine na hazina za lugha haviendi kwa kasi moja. Uwezo wa tarakilishi huzidi kuwa rahisi kila uchao; hesabu ambazo mwaka wa 1966 zingehitaji chumba kizima sasa hufanywa na simu iliyomo mfukoni. Hazina za lugha hazina tabia hiyo. Mzee wa Lamu au wa Vanga anayejua misamiati ya ubaharia, ya ususi au ya tiba za kienyeji haongezeki wala hapungui bei. Huwapo, kisha siku moja hayupo.

Zipo juhudi za kupongezwa. Chuo Kikuu cha Helsinki, kupitia kazi ya Arvi Hurskainen iliyoanza katika miaka ya 1980, kilijenga hazina ya matini ya Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, yakiwa yamewekewa alama za kisarufi. Mwaka wa 2021, mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipata dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili watatu ili kukusanya sauti za Kiswahili zitakazotumiwa na yeyote bila malipo. Nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene walikusanya hazina iitwayo Kencorpus, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka wa 2022. Hazina hiyo ina matini 4,442 yenye maneno milioni 5.6, pamoja na rekodi 1,152 za sauti zenye jumla ya saa 177, katika Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Vilevile ina jozi 7,537 za maswali na majibu ya Kiswahili, na sentensi 13,400 zilizotafsiriwa kutoka Kidholuo na Kiluhya hadi Kiswahili.

Tarakimu hizi zina mambo mawili ya kufunza. La kwanza ni kwamba kazi hii inawezekana na imefanywa na Wakenya katika vyuo vyao. La pili ni kwamba kila saa ya sauti iliyonakiliwa na kila neno lililowekewa alama ya kisarufi lilihitaji mtu anayeijua lugha, akakaa chini, akasikiliza, akaamua. Rasilmali adimu katika kazi ya namna hii ni saa za wajuzi, na hizo ndizo zinazopaswa kupimwa kabla ya shilingi.

Chukulia, kwa mfano wa kubuni, idara yenye wahadhiri watatu wa isimu. Kila mmoja anaweza kutenga saa kumi za utafiti kwa wiki. Kwa wiki 40 za mwaka, idara ina saa 1,200. Mfadhili anakuja na mradi wa kuunda programu ya kujibu maswali ya fasihi, nao unahitaji saa 900 za wahadhiri hao kusahihisha majibu ya mashine. Fedha zote zinatoka kwa mfadhili. Idara haitoi hata senti. Katika kikao cha idara itasemwa kwamba mradi ni wa bure. Lakini idara hiyo ilikuwa imeanza kuziwekea alama za kisarufi hadithi simulizi ilizozikusanya nyanjani, kazi inayohitaji saa 1,000. Zikitolewa 900, hubaki 300. Hadithi zitarudi kabatini. Mradi wa bure umelipiwa kwa hadithi hizo, ila risiti haikuandikwa.

Mfano huu hauthibitishi kwamba programu ya maswali ni mbaya. Huenda manufaa yake kwa wanafunzi yakazidi yale ya hadithi zilizowekewa alama. Unachoonyesha ni kwamba uamuzi haukufanywa. Idara ilichagua bila kujua kwamba inachagua.

5.0 Maswali Manne ya Upimaji

Kutokana na kisa cha ALPAC na hali ya Kiswahili, makala haya yanapendekeza maswali manne.

(a) Ni kipi hasa kitakachoachwa? Kinachoachwa sharti kitajwe kwa jina, si kwa jumla. Kusema kwamba "fedha zingeweza kufanya mambo mengine" hakutoshi. Kusema kwamba "saa 900 hizi zingemaliza kuweka alama katika hadithi za nyanjani" kunatosha, kwa maana sasa pande zote mbili za mizani zina uzito unaoonekana. ALPAC ilifaulu kwa sababu iliwataja watafsiri na saa 200 za kujifunza Kirusi.

(b) Idara isipoufanya, nani ataufanya? Kampuni kubwa za kimataifa zina sababu za kibiashara za kuunda mashine za kuzungumza na kutafsiri, na zitaendelea kuziunda hata kama hakuna chuo cha Kenya kitakachoshiriki. Hazina sababu kama hizo za kusafiri hadi Vumba kurekodi Kivumba. Pale ambapo mwingine ataifanya kazi kwa vyovyote vile, mchango wa idara ni mdogo kuliko unavyoonekana. Pale ambapo hakuna mwingine, mchango huo ndio kazi nzima.

(c) Mradi ukifa, kitabaki nini? Miradi mingi hufa ufadhili unapokoma. Baadhi huacha programu isiyofunguka tena baada ya miaka miwili. Mingine huacha matini safi, rekodi zilizonakiliwa, orodha za istilahi na vijana waliofunzwa kuchanganua lugha. Kumbukumbu za Bunge la Kanada ni ushahidi kwamba masalio ya namna hii yanaweza kuishi kuliko mashine yoyote. Kifungu cha 120 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Hapo pana msingi wa hazina kama ile ya Kanada, iwapo watatokea wa kuyatafsiri na kuyatunza matini hayo kwa utaratibu.

(d) Je, kazi hii inaweza kusubiri? Kuna kisubiricho na kisichosubiri. Mashine ya kutafsiri isiyoundwa mwaka huu inaweza kuundwa baada ya miaka mitano, pengine kwa gharama ndogo zaidi. Sauti isiyorekodiwa mwaka huu inaweza isipatikane kabisa. Miradi miwili inapolingana kwa manufaa, ule usiosubiri ndio unaostahili kutangulizwa.

Maswali haya hayatoi jibu moja kwa kila mahali. Idara iliyokwisha kukusanya matini ya kutosha inaweza kuona kwamba hatua inayofuata ni programu itakayoyatumia, kwani hazina isiyotumiwa nayo ina gharama yake. Methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao hufaa kwa yule ambaye mbachao wake ungali na kazi. Haimkatazi mtu kununua msala mpya.

6.0 Pingamizi Zinazoweza Kutolewa

Pingamizi ya kwanza ni kwamba fedha za wafadhili hazihamishiki. Mfadhili wa mashine ya kutafsiri hatakubali fedha zake zitumike kurekodi wazee, na kwa hiyo kuzikataa ni kupoteza vyote viwili. Hoja hii ina ukweli. Gharama ya fursa ya fedha za namna hiyo ni ndogo. Lakini gharama ya saa za wajuzi inabaki pale pale, na ndiyo inayopaswa kuwekwa mezani wakati wa mashauriano. Idara inayojua thamani ya saa zake inaweza kumwomba mfadhili aajiri wasahihishaji wa ziada, au akubali kwamba matini yatakayozalishwa yabaki chuoni na yawe huru kwa watafiti wote. Isiyojua thamani hiyo haitakuwa na la kuomba.

Pingamizi ya pili ni kwamba upimaji wa aina hii huzaa uzembe. Kila mradi unaweza kukataliwa kwa kisingizio kwamba upo mwingine ulio bora, na hatimaye hakuna kinachofanyika. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Jibu ni kwamba kutochagua ni chaguo, nalo lina gharama yake ya fursa. Miezi inayopotea katika vikao ni miezi ambayo sauti hazirekodiwi na matini hayanakiliwi. Upimaji wa haki huhesabu gharama ya kuchelewa pamoja na nyinginezo, kisha hukoma na kuamua.

Pingamizi ya tatu ni kwamba hakuna ajuaye ya mbele. ALPAC yenyewe, pamoja na wataalamu wake, haikuona kwamba takwimu na matini mengi yangeifufua tafsiri ya mashine. Pingamizi hii ndiyo nzito kuliko zote, nayo haiwezi kuondolewa. Inaweza tu kupunguzwa makali, kwa kutenga sehemu ya rasilmali kwa ajili ya kazi ambazo zitafaa hata kama utabiri wa leo utakuwa na makosa. Matini yaliyonakiliwa kwa usahihi yatamfaa mtunga kamusi, mwalimu wa sarufi, mwanahistoria na mwundaji wa mashine ambayo bado haijabuniwa. Kazi yenye warithi wengi haitegemei utabiri mmoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba gharama ya mradi wa akili unde ni pamoja na kile kilicho bora zaidi kilichoachwa kwa ajili yake. Kisa cha ALPAC kimedhihirisha nguvu ya swali hili linapoulizwa waziwazi, na pia hasara ya kuliuliza kwa upeo mfupi. Katika hali ya Kiswahili, uwezo wa mashine huzidi kuwa rahisi ilhali wajuzi wa lugha na saa zao ni haba. Kwa hiyo, kazi isiyoweza kusubiri, ambayo hakuna mwingine atakayeifanya, na ambayo itabaki hata mradi ukifa, ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza.

Inapendekezwa kwamba vyama na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zianze kuandika, katika kila pendekezo la mradi, aya moja inayotaja kwa jina kile kitakachoachwa na ni saa ngapi za wajuzi zitakazotumika. Aya hiyo haitagharimu chochote isipokuwa ukweli. Fisi wa njia panda alikuwa na pua nzuri na miguu yenye nguvu. Alikosa mtu wa kumwuliza, kabla hajanyanyua mguu wa kwanza, ni nyama ipi anayoiacha.